Nguvu za Farasi Ngapi Zamfaa Mvuvi wa Majanji?

Askari aliyelitumikia taifa lake miaka ishirini na zaidi, siku ya kuvua sare inapomkaribia, huwa na mashauri mengi kichwani. Mmoja huwaza ng'ombe, mwingine nyumba ya kupangisha mjini Tororo, mwingine duka la vifaa vya ujenzi karibu na mpaka wa Malaba. Lakini kwa wale ambao kwao ni Busia, hasa pande zile za Lumino zinazoteremka kuelekea ziwani, mawazo huenda majini. Huagiza mtumbwi, hutafuta vijana wanne wa kuvua, kisha huja na swali ambalo sisi tumelisikia mara nyingi, kambini na barabarani, hata tukaona yafaa kulijibu hapa hadharani: "Afande, nipachike mashine ya hospawa ngapi?"

Swali hilo huulizwa kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari, ilhali si dogo hata kidogo. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu katika maisha ya mtu. Mashine ya mtumbwi mara nyingi huwa ghali kuliko mtumbwi wenyewe, na petroli inayoinywa huja kuwa ghali kuliko vyote viwili kabla mwaka haujakwisha. Mtu akikosea nyavu, huuza hizo na kununua nyingine. Akikosea mashine, hulipa kosa lake kila usiku, lita kwa lita, mpaka achoke au afilisike.

Tutoe maoni yetu mapema ili msomaji asihangaike kuyatafuta. Kwa mtumbwi wa mbao wa futi 28, wenye wavuvi wanne, unaotoka Majanji kwenda kutega nyavu kilomita kumi na tano na kurudi, mashine ya nguvu za farasi 15 inatosha. Mwenye kumshauri mstaafu anunue 40 anamwuzia fahari, wala si uvuvi.

Tueleze sababu, maana askari hapendi kuamriwa katika mambo ya fedha yake binafsi bila kuelezwa.

Kipimo hiki cha nguvu za farasi kilienezwa na James Watt, fundi wa Uskoti wa karne ya 18, aliyetaka wanunuzi wa mashine zake za mvuke waelewe kila moja ingeshika nafasi ya farasi wangapi. Kwa hesabu ya kilo na mita, nguvu moja ya farasi ni karibu sawa na kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Watu wa Tororo, wanaoishi pamoja na kiwanda cha saruji, watalielewa hili upesi: ni mfuko mmoja na nusu wa saruji, kimo cha mita moja, kila sekunde. Basi mashine ya 15 ni kama kuinua mifuko zaidi ya ishirini na miwili kila sekunde pasipo kupumzika. Hiyo si nguvu ya kudharauliwa. Ni nguvu nyingi mno kwa chombo kidogo, na swali lililobaki ni wapi nguvu hiyo inakwenda.

Inakwenda kwenye maji. Mtumbwi wa mbao wenye mkuku, ule wa asili ya Ssese ambao mafundi wa pande zote mbili za Mto Sio huuunda hadi leo, haupai juu ya maji, unayapasua. Unapoyapasua huzaa wimbi mbele kwenye omo na wimbi jingine nyuma kwenye tezi. Kadiri unavyozidisha mwendo ndivyo mawimbi hayo mawili yanavyoachana, mpaka inafika pahali ambapo mtumbwi umelala katikati yake kama mtu aliyelala kwenye machela. Ukiongeza nguvu kupita hapo, tezi huzama, omo huinuka, na chombo kinakuwa kinapanda mlima wa maji kilioutengeneza chenyewe. Mashine hunguruma, povu hutapakaa, abiria hudhani wanakimbia. Ukitazama mwambao utaona miti ile ile haisogei kwa kasi uliyoitarajia.

Mwendo huo wa mwisho una hesabu yake. Pima kwa futi urefu wa mtumbwi unaogusa maji, tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha zidisha kwa 1.34; jibu ni maili za baharini kwa saa. Mtumbwi wa futi 28 hugusa maji kwa futi 25 hivi. Kipeuo cha 25 ni 5, na 5 mara 1.34 ni 6.7, yaani kilomita 12 na kidogo kwa saa. Tusiwadanganye wasomaji: mtumbwi mwembamba, ukiwa mtupu na maji yametulia, huweza kukipita kipimo hicho. Lakini mvuvi hatajirishwi na mtumbwi mtupu.

Ndugu zetu Waiteso na Wajopadhola, wanaolima kwa plau, wanalijua jambo hili bila ya kipeuo chochote. Plau ya jembe moja ukiifunga jozi nne za ng'ombe haitalima shamba mara nne upesi. Itaruka matuta na kumchosha anayeishika. Hata mchungaji mdogo atakuuliza kwa nini umewachosha wanyama wote hao.

Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba kabla ya kuuliza lori linakwenda kasi gani, uulize limebeba nini, linakwenda wapi, na litarudi kwa mafuta yapi. Tuutumie utaratibu huo huo hapa. Tuseme mbao za mtumbwi zina uzito wa kilo 700. Wavuvi wanne kilo 280. Nyavu na nanga kilo 150. Mashine na mafuta yake kilo 70. Barafu na samaki wa kurudi nao kilo 300. Jumla ni kilo 1,500, yaani tani moja na nusu. Kwa chombo cha kupasua maji, nguvu kati ya 3 na 5 kwa kila tani hukisukuma vizuri kwa mwendo wa kiasi. Hapo tunapata baina ya 4.5 na 7.5. Ndiyo, msomaji hakukosea kusoma: chini ya nane.

Kwa nini basi tumesema 15? Kwanza, rafadha ndogo ya mashine hizi za kupachika, inayozunguka kwa kasi sana, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kabla ya kuyasukuma maji. Pili, upepo. Katika Ghuba ya Berkeley, mahali ambapo Mto Sio unamwaga maji yake na ambapo mpaka wa Uganda na Kenya unaingia ziwani, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara, na mvuvi anayetoka alasiri huupokea usoni. Tatu, mtumbwi wa mbao uliozeeka hunywa maji, na maji yaliyotuama ndani, lita 100, ni kilo 100 za mzigo usiolipa nauli.

Nne ni jambo ambalo wauzaji hawalitaji, ama kwa kutolijua ama kwa kulijua sana. Namba iliyobandikwa kwenye mfuniko wa mashine imepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na mashine hupumua kama binadamu apandaye mlima. Hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mashine ya 15 uliyoinunua, ikifika Majanji imekwisha kuwa 13 na nusu. Ile ya 40 imekuwa 36. Ukijumlisha hayo yote, mahitaji ya kweli yanapanda hadi 10 au 12, na kwa kuwa si vyema kuiendesha mashine kwa nguvu zake zote usiku kucha, 15 ndiyo namba inayokuja yenyewe.

Hebu sasa tuhesabu mafuta, maana hapa ndipo wastaafu wengi wanapoumia. Mashine za kale za mipigo miwili, ambazo bado zimejaa mialoni, zina kiu. Kwa makadirio ya kawaida, ile ya 15 ikiendeshwa kwa kiasi hunywa lita 5 kwa saa. Ikienda kilomita 11 kwa saa, safari ya kilomita 30, kwenda na kurudi, itachukua saa mbili na robo tatu na kumaliza lita 14. Ile ya 40, ikikazwa ili mwenyewe apate faida ya ukubwa wake, tuikadirie kilomita 18 kwa saa na lita 17 kwa saa. Itafika na kurudi kwa saa moja na dakika arobaini, na kumaliza lita 28. Mvuvi ameokoa saa moja na kupoteza lita 14. Tukiiweka petroli kwenye shilingi 5,000 kwa lita, saa hiyo moja imenunuliwa kwa shilingi 70,000. Kwa usiku ishirini wa kuvua ni shilingi 1,400,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 16,800,000. Na bado hatujahesabu oili inayochanganywa na petroli, lita moja kwa kila lita 50, wala tofauti ya bei ya kununulia mashine.

Tunauliza kwa heshima: saa hiyo moja iliyookolewa, mvuvi aliifanyia nini? Nyavu za sangara hutegwa jioni na kutegulewa alfajiri. Samaki hawaingii wavuni upesi zaidi kwa sababu mtegaji alifika mapema. Aliyefika mapema hukaa juu ya maji akivuta blanketi.

Mwaka 2012 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu kizima juu ya kuokoa mafuta katika vyombo vidogo vya uvuvi, na ushauri wake wa mbele hauna gharama yoyote: punguza mwendo. Sababu yake ni kwamba nguvu inayotakiwa haipandi sambamba na mwendo. Chombo cha kupasua maji kikipunguza mwendo kwa sehemu moja ya tano, huhitaji karibu nusu tu ya nguvu ya awali. Askari aliyepata kutembea na mzigo mgongoni anajua tofauti ya kutembea na kukimbia. Maji yana ukali huo huo, tena kuzidi.

Huenda msomaji wa polisi au wa jeshi akasema kwamba haya ni mambo ya wavuvi, naye kazi yake ni ulinzi. Tunamsihi asome zaidi. Tangu 2017, askari wa jeshi walipoingizwa katika kazi ya kuulinda uvuvi kwenye Ziwa Victoria kwa upande wa Uganda, vijana wetu wamejikuta wakipima mitumbwi kwa futi, nyavu kwa matundu, na samaki kwa sentimita: sangara asipungue sentimita 50, ngege asipungue sentimita 25. Manung'uniko yaliyofuata kazi ile yalisikika mpaka bungeni, na si yote yaliyokuwa ya uongo. Lakini jambo moja halikuulizwa vya kutosha. Kwa nini mvuvi anayejua kabisa kwamba samaki mchanga wa leo ndiye sangara wa mwaka ujao, anaingiza majini wavu wa matundu madogo?

Wapo walio wachoyo tu. Hao dawa yao inajulikana. Lakini wapo wengi wanaovua kwa deni. Usiku mmoja wa mtumbwi wenye mashine kubwa hauwezi kulipwa na samaki watano wazuri. Ni lazima upate chochote, mkubwa au mdogo, ili petroli ya kesho ipatikane. Tajiri wa mtumbwi humwambia nahodha asirudi mikono mitupu, nahodha huwaambia vijana, na vijana huchukua wavu uliofichwa chini ya maboya. Doria inapowakuta, inakutana na mwisho wa jambo lililoanzia dukani, siku mtu alipochagua 40 pahali pa 15. Hatusemi kwamba kila wavu haramu una mashine kubwa nyuma yake. Mitumbwi mingi ya makasia nayo ina makosa yake. Tunasema kwamba gharama ya safari humsukuma mtu, na kwamba gharama hiyo huchaguliwa.

Mapenzi haya ya mashine kubwa yalitoka wapi? Wazee wa Busia, mji ambao wengi husema ndio uliozaa neno bodaboda, wanakumbuka miaka ya kahawa. Barafu ya Julai 1975 iliunguza mikahawa ya Brazili, bei ya dunia ikapaa mwaka 1976 na 1977, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwenda Kenya kwa kila njia: kwa kichwa, kwa baiskeli, na kwa mitumbwi gizani. Serikali ya wakati ule iliunda kikosi cha kupambana na magendo ziwani, kikaongozwa na Mwingereza Bob Astles, nacho kikapewa maboti ya kasi. Mbio za namna ile zina hesabu nyingine kabisa. Anayebeba magendo hahesabu lita, kwa kuwa faida ya usiku mmoja hulipa yote. Anayemfukuza hahesabu lita, kwa kuwa hazina ndiyo inayolipa. Kati ya hao wawili, mvuvi maskini alijifunza kutamani mashine isiyomhusu.

Nasi tusijitoe. Kijana wa mwaloni anaiona boti ya doria ikipita na mashine yake kubwa, omo juu, maji yakigawanyika, na rohoni anasema: hiyo ndiyo boti. Hajui kwamba boti ile imeundwa kwa namna nyingine. Tumbo lake ni bapa na jepesi, limetengenezwa kupanda juu ya maji na kuteleza, na pasipo nguvu nyingi haliwezi kupanda. Kazi yake ni kumfikia mtu anayekimbia au anayezama. Kwa boti hiyo, mashine ya 40 ni ndogo. Mashine ile ile ukiipachika kwenye mtumbwi wa mkuku ni sawa na kumvalisha mpishi viatu vya kuruka na mwavuli wa jeshi: vitu vizuri, pahali pasipo pake.

Hapa tuseme neno ambalo halitawapendeza wote. Askari aliye kazini, ambaye zamu yake ni kulinda samaki au kukagua mizigo mwaloni, asiwe na mtumbwi wake wa kuvua katika maji hayo hayo, wala kwa jina la mkewe, wala la shemeji. Wavuvi wanajua kila mtumbwi ni wa nani, hata ule usio na jina. Mtumbwi wa mkaguzi ukipita bila kukaguliwa mara moja, sheria yote ya ziwa imekwisha kupita nao. Asubiri astaafu. Samaki watamngoja, kama tutawaachia nafasi ya kukua.

Yapo mahali ambapo mashine kubwa ni halali na ya busara. Mtumbwi wa kukusanya samaki visiwani na kuwafikisha mapema kwenye magari ya barafu unafanya kazi ya lori. Mzigo wake ni wa tani kadhaa na kuchelewa kwake ni hasara. Mwenye chombo hicho anunue 25 au 40, na mafuta atayalipa kwa nauli. Vivyo hivyo anayesafirisha abiria, ingawa huyo tungependa kwanza tumwone na majaketi ya kuokolea kabla hajatuonyesha mashine.

Wapo pia watakaotuambia kwamba mashine kubwa ndiyo humwokoa mtu dhoruba inapokuja. Hoja hiyo tunaiheshimu, maana tumeona maiti zikitolewa katika ziwa hili. Lakini mtumbwi unaokimbizwa mbele ya mawimbi makubwa huzamisha omo au hugeuka ubavu, na mashine ya 40, yenye uzito wa kilo zaidi ya 70 ikilinganishwa na kilo karibu 40 za ile ya 15, huielemea tezi wakati ule ule wimbi linapotaka kuingia kutokea nyuma. Linalomrudisha mtu nyumbani ni mashine inayowaka mara ya kwanza, theluthi ya mafuta iliyobakizwa bila kuguswa, plagi za akiba na pini ya rafadha mfukoni, makasia mawili yasiyosahauliwa, na jaketi lililovaliwa badala ya kukaliwa. Upande wa pili nao una hatari yake: mwenye kujidai mbahili akaweka mashine ya 5 kwenye tani mbili atasimamishwa na upepo wa mchana kama aliyefungwa kamba. Udogo uliopita kiasi ni kosa vilevile.

Kwa hiyo, asinunue mtu kabla ya kujaribu. Aazime mashine ya 15 kwa jirani, aipakie mtumbwi mzigo wa kweli au mawe ya uzito ule ule, aende nayo saa moja na kurudi. Simu yoyote ya siku hizi inaweza kumwonyesha mwendo wake kwa kilomita. Asikilize pia mlio. Mashine ikilalama na kukataa kufikia mizunguko ambayo kitabu chake kinaitaja, huenda kosa si la nguvu kuwa ndogo. Rafadha iliyopachikwa ni ya boti nyepesi, yenye mkunjo mrefu. Abadilishe rafadha kwanza, apate yenye mkunjo mfupi, ifaayo mzigo mzito na hewa hii ya juu. Rafadha ni sehemu ndogo ya bei ya mashine, na tumesikia zaidi ya mtu mmoja aliyenunua mashine ya pili wakati ambapo kilichohitajika kilikuwa rafadha tu. Apime na ubao wa tezi: mashine za shafti fupi zinataka ubao wa inchi 15, za shafti ndefu inchi 20. Ikikaa juu mno rafadha inakula hewa. Ikikaa chini mno inaburuta.

Neno kwa polisi hasa. Mashine za kupachika ndizo mali inayoibwa upesi kuliko zote ziwani, kwa kuwa skrubu mbili zikifunguliwa mali yote iko begani, na mpaka uko karibu. Iliyoibwa Sio Port au Port Victoria yaweza kuuzwa Majanji kabla ya chai ya saa nne, na ya Majanji ikauzwa kule. Kila mashine ina namba yake kwenye kibati cha mabano inayopachikwa nayo. Mstaafu anayenunua ya mkono wa pili aidai risiti yenye namba hiyo, aende nayo kituoni, na ofisa wa zamu asimwone kama msumbufu. Bei ikiwa nusu ya kawaida na kibati kimekwanguliwa, mnunuzi hawezi kusema kesho kwamba hakujua. Yeye ni askari.

Vyama vyetu vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa jeshi na Exodus kwa polisi, vimewainua wengi. Tungependa fomu ya mkopo wa chombo cha uvuvi iwe na mistari mitatu tu ya nyongeza: urefu wa mtumbwi, uzito wake ukiwa umepakiwa, na umbali wa kwenda kuvua. Karani akiona futi 28, tani moja na nusu, kilomita 15, na ombi la mashine ya 40, amwite mwombaji na kumwuliza kwa upole. Dakika kumi za maswali zingewaepushia wenzetu miaka mitatu ya kulipa.

Yupo sajini mmoja mstaafu, jina lake tunalihifadhi, ambaye hakuulizwa. Alinunua ya 40 mjini, akaifikisha Majanji juu ya pikapu, na kijiji kizima kikaja kuitazama. Mwezi wa kwanza aliuza mbuzi kulipia petroli. Mwezi wa nne aliuza nusu ya nyavu. Mwezi wa sita mmoja wa vijana wake alikamatwa na wavu usioruhusiwa, na mzee akaenda kumtolea dhamana mbele ya koplo aliyekuwa amemfundisha yeye mwenyewe kupiga gwaride. Hakusema neno njiani kurudi. Juma lililofuata alimwuzia ile mashine mchukuzi wa dagaa anayekwenda visiwani, akanunua ya 15 yenye risiti, na chenji iliyobaki ikarudisha nyavu. Tulipomtembelea alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akikwangua mwani chini ya mkuku kwa kipande cha panga. Tukamwuliza kama haoni uchungu jirani yake anapompita ziwani. Akasema humpita wakati wa kwenda, naam, lakini asubuhi humkuta mwaloni akitafuta wa kumkopesha jerikeni.